Tarehe ya Kustaafu Iandikwe Kabla ya Mimba ya Kwanza

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa wafugaji wa panya. Waliokosa kufika waliomba niiandike, nami nimeiacha kama nilivyoisema. Picha tu ndizo hazimo.

Ndugu mwenyekiti, wakongwe wa ufugaji mlioketi mbele, nanyi vijana mnaotaka kuanza na jike mmoja na dume wa kuazima, nawasalimu nyote.

Niliombwa nizungumze juu ya kuzalisha panya nyumbani. Nitazungumza. Ila naomba ruhusa nianzie mwisho, maana mwanzo wake si mgumu. Joto la jike, yaani hamu yake ya kupandwa, humrudia kila baada ya siku 4 au 5 na hudumu saa kadhaa, mara nyingi usiku. Akishika mimba, anazaa siku 21 hadi 23 baadaye. Watoto huja uchi, macho na masikio yamefumba, kila mmoja na gramu zake 5 au 6. Baada ya wiki mbili hivi wanafumbua macho. Wakifika wiki ya tano, madume wanatengwa na mama yao na dada zao, la sivyo utapata wajukuu usiowatarajia. Hayo kijana mwenye bidii anayajua kwa jioni moja.

Mimi nina swali jingine. Jike akimaliza kuzaa, anakwenda wapi?

Nauliza tena. Yule jike uliyemsifu kwa majirani, uliyempiga picha na watoto 12 kifuani, akifika mwaka na nusu yuko wapi?

Naona wengine mnatazama chini. Hata mimi nilikuwa natazama chini. Kuna anayempa mtu yeyote aliye tayari kumchukua. Kuna anayemweka kizimba cha pembeni, peke yake, chakula na maji basi. Na kuna anayempandisha tena, na tena, mpaka siku moja anafia kwenye uchungu, na sisi tunasema uzazi ulimshinda. Mimi nilikuwa huyo wa mwisho, na nitawaeleza.

Nilipoanza kufuga nilikuwa na jike niliyemwita Zabibu. Alikuwa mweusi mwenye kifua cheupe, mpole kiasi kwamba aliniruhusu kushika watoto wake siku ile ile ya kuzaa. Uzao wa kwanza alileta watoto 11, wa pili 13. Watu wakanisifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wafugaji wawili walikuwa wanasubiri niwape watoto wa Zabibu. Yeye alikuwa na miezi 14. Alikuwa amenenepa, akipanda ngazi za kizimba anapumzika katikati, na joto lake halikufuata tena zile siku 4 au 5. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu. Nikampandisha.

Siku ya 23, jioni, damu ilionekana. Anajikunja, anasukuma, anatulia, anasukuma tena. Nilikaa kando yake nikijiambia tumpe muda. Usiku wa manane hakuna mtoto. Alfajiri alitoa wawili, wote wamekufa, na hakuwa na nguvu ya kugeuka awanuse. Nilipomfikisha kwa daktari wa mifugo mwili ulikuwa umeshaanza kupoa mikononi mwangu. Daktari hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba jike anayesukuma saa mbili bila mtoto kutoka hasubiriwi, anapelekwa. Dawa ipo, upasuaji upo, lakini vyote vinataka jike aliye hai.

Usiku ule nilikosea, ndiyo. Lakini ndugu zangu, kosa kubwa nilikuwa nimelifanya wiki tatu kabla, na nililifanya kwa sababu sikuwa nimejiwekea mpaka. Kila uzao ulipokwisha nilijiuliza aendelee au apumzike. Na ukijiuliza swali hilo ukiwa na jike anayeonekana mzima mbele yako, na watu wanakupigia simu kuulizia watoto, unadhani utajijibu nini?

Ndiyo maana sasa naandika tarehe ya kustaafu kabla ya mimba ya kwanza. Sisemi baada ya uzao wa kwanza. Kabla! Jike kwangu anapandishwa mara ya kwanza akiwa na miezi 5 hadi 7. Anazaa mara mbili, basi. Wengine wanazaa mara moja, na wengine hawazai kabisa kwa sababu ya hasira au kifua kibovu. Watoto wakishaachishwa kunyonya, mama anapumzika si chini ya miezi miwili. Na akitimiza mwaka mmoja haendi tena kwa dume, hata kama amezaa mara moja tu, hata kama dume niliyemtafuta muda wote amepatikana leo asubuhi. Tarehe imeandikwa kwa wino. Siku ikifika sina cha kujiuliza.

Kwa nini mwaka mmoja? Kwa sababu panya wetu anaishi miaka miwili hadi mitatu. Mwaka wake mmoja ni sehemu kubwa ya maisha. Kuanzia hapo watoto kwa uzao hupungua, joto huanza kuyumba, na matatizo ya kuzaa huongezeka. Majike wengi wakifika kati ya miezi 15 na 18 mzunguko wao umeshavurugika. Lakini angalieni, kuvurugika hakumaanishi amefunga uzazi. Usimweke jike mzee na dume mzima ukijiambia huyu ni bibi, hapati mimba tena. Akipata, atapata katika umri mbaya kuliko wote. Na kama dume amehasiwa ili akae na bibi hao, subiri wiki kadhaa kwanza, maana mbegu hubaki mwilini baada ya upasuaji.

Sasa hebu tufanye hesabu, kwa sababu nadhani wengi wetu hatujawahi kuipima kazi ya mama huyu.

Chukua jike wa gramu 300 mwenye watoto 12. Ana chuchu 12, kwa hiyo kila mmoja ana yake. Siku wanayozaliwa, wote kwa pamoja hawafiki gramu 75. Wiki tatu baadaye, kila mmoja akiwa na gramu 45 tu, wamefika gramu 540. Mmesikia? Watoto wamempita mama yao kwa uzito, karibu mara mbili! Na sehemu kubwa ya nyama hiyo imetoka kwenye maziwa yake. Wiki hizo tatu anakula mara mbili hadi tatu ya chakula chake cha kawaida, na bado ukimshika unahisi mfupa wa mgongo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisi wengine tumeujua kwa mizani.

Na hapa niseme juu ya dume, ingawa nilidhani kila mtu analijua. Jike akizaa leo, anaingia kwenye joto ndani ya saa 24. Rafiki yangu mmoja, kijana makini sana, alimwacha dume kizimbani kwa huruma, ili baba awaone watoto wake. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Jike akashika mimba usiku ule ule. Alinyonyesha uzao wa kwanza huku wa pili ukikua tumboni. Kunyonyesha huweza kuichelewesha mimba ya namna hiyo, kwa hiyo kijana alipohesabu siku na kuona zimepita, akajua hakuna kitu. Siku chache baadaye akakuta watoto wapya wamelaliana na kaka zao wakubwa. Mama alikuwa amebaki ngozi. Ndugu zangu, dume atoke tumbo la jike likianza kuonekana. Asirudi.

Nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote, na ambalo hatulisemi katika mikutano yetu. Tunasema juu ya rangi, tunasema juu ya masikio, tunasema juu ya manyoya yaliyojikunja. Nani anasema juu ya bibi?

Jike anapofika miezi 18, ndipo mwili wake unapoanza kukuambia ulichorithisha. Uvimbe wa matiti kwa majike wazee ni jambo la kawaida sana. Mara nyingi si saratani mbaya, lakini unakua, unakua, mpaka mnyama anauburuza. Kuna uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo. Hapo utaona panya aliyekuwa anashika punje kwa mikono miwili sasa anaiangusha, mikono haikunji, kichwa anakisukuma ukutani. Kuna kifua. Bakteria wa maikoplasma wamo kwa panya wengi, mama huwaambukiza watoto tangu tumboni, wakakaa kimya kwa miezi na kuibuka mwili ukichoka. Mara nyingi mambo haya hayaonekani kwa jike wa miezi 6 anayeng'aa. Yanaonekana kwa mstaafu.

Kwa hiyo ukimtoa jike mara tu anapomaliza kuzaa, umeondoa nini nyumbani? Umeondoa shahidi. Umebaki na mabinti zake na wajukuu zake, unawapandisha, na hujui wamebeba nini.

Hili lilinipata. Nilikuwa na ukoo wa rangi ya moshi, wazuri sana, wapole, watoto wengi. Bibi zao wa kwanza niliwagawa wakiwa na miezi 12 na 13 na sikufuatilia. Kizazi cha tatu nikaamua kuwabakiza dada wanne waliostaafu. Watatu kati yao walipata uvimbe kabla ya kufika miezi 17, na mmoja alipata mara mbili. Nikaanza kuwapigia simu niliowapa bibi zao, nikiomba radhi kwanza halafu nauliza. Majibu yalikuwa yale yale, uvimbe, uvimbe, uvimbe. Miaka yote hiyo nilikuwa nauza urembo na kugawa maradhi. Ukoo ule niliusimamisha. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nao tangu mwanzo.

Siku hizi sipandishi binti mpaka nijue bibi yake yuko hai katika umri gani, au alikufa kwa nini. Na dume nampendelea aliyekwisha kula chumvi nyingi. Dume huendelea kuzalisha hadi umri mkubwa kuliko jike, kwa hiyo dume wa mwaka na nusu, kifua safi, mwili mwepesi, ni cheti kinachotembea. Vijana huniambia wanataka dume kijana. Mimi nawaambia, kijana bado hajathibitisha kitu.

Sasa, mstaafu anaishi vipi?

Kwanza, asiwe peke yake. Wapo wanaodhani bibi anataka utulivu, atengwe. Niliwahi kumpa mtu mzuri, mwenye nyumba nzuri na kizimba kizuri, jike mmoja mstaafu. Mmoja! Baada ya siku kumi na kitu akanipigia akasema hali chakula, hajisafishi, analala kona moja mchana na usiku. Nilikwenda naye dada yake kwenye kikapu. Tulipowaweka pamoja walinusana, yule mgonjwa akalala chali, dada akaanza kumlamba shingo, na jioni ile ile akala. Tangu siku hiyo mstaafu wangu hatoki nyumbani ila na mwenzake anayemjua. Anayetaka mmoja, simpi.

Pili, asiwe bila kazi. Nilikuwa na jike aitwaye Tulia, wa kijivu, sikio la kushoto limechanika tangu utotoni. Alistaafu akiwa na miezi 11. Jike kijana alipozaa kwa mara ya kwanza na kuhangaika, akitoka kwenye kiota na kurudi, watoto wametawanyika, niliogopa kuingiza mkono. Tulia alikuwa kizimba hicho hicho, maana walikuwa wamelelewa pamoja. Akatoka, akamnyanyua mmoja kwa meno bila kumkwaruza, akamrudisha kiotani, akaenda kwa wa pili. Watoto wa panya hulia kwa sauti ya juu mno ambayo sikio letu haliipati. Yeye aliipata. Alipomaliza alilala juu yao mpaka mama aliporudi. Siwaambii muwaweke majike wowote pamoja na mzazi mpya, wapo wanaoua watoto wa wenzao. Nawaambia mwangalieni bibi mnayemjua.

Na watoto wakiachishwa, huyo bibi ni mwalimu. Mtafiti Bennett Galef wa Kanada alionyesha kwamba panya hujifunza chakula kwa kunusa pumzi ya mwenzake. Alichokula mwenzake, na yeye atakikubali. Mimi nikileta chakula kipya nampa Tulia kwanza. Watoto wanamzunguka, wanamnusa mdomo, halafu wanakwenda bakulini. Mtoto asiye na mkubwa huchelewa kukigusa.

Tatu, chakula chenyewe. Hapa ndipo upendo wetu unapowadhuru. Jike aliyekuwa anakula sehemu tatu wakati wa kunyonyesha, ukimwachia sehemu hizo tatu baada ya kustaafu, unamnenepesha. Mwaka 1935, Clive McCay na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula bila kukosa virutubisho waliishi muda mrefu kuliko walioshiba watakavyo. Sisemi muwashindishe njaa. Nasema pima. Punguza mafuta na mbegu za alizeti, na protini isiwe nyingi kama ya mama anayenyonyesha. Wale wazee kabisa, wenye meno mabaya au mikono isiyoshika, walainishie chakula kwa maji ya uvuguvugu.

Kizimba nacho kishuke pamoja nao. Miguu ya nyuma ikianza kulegea, ondoa ghorofa ndefu, weka ngazi zenye mteremko mdogo, bakuli liwe chini, chupa ya maji ishushwe. Matandazo yawe makavu na laini, yabadilishwe kabla harufu ya mkojo haijakupanda puani, kwa sababu harufu hiyo inachoma mapafu ambayo tayari yana kazi. Kucha hazichakai tena kwa kupanda, zikatwe. Na ukiona wekundu puani au machoni, usidhani ni damu. Ni majimaji ya tezi za machoni. Kidogo asubuhi si kitu. Mengi, kila siku, ni ishara ya mnyama anayeteseka na jambo fulani.

Nne, mkono wako. Kila Jumapili jioni natoa mizani, naanza na wastaafu. Mmoja mmoja, gramu zinaandikwa. Halafu vidole viwili, taratibu, kutoka shingoni, chini ya kwapa, kando ya mbavu, mpaka kinenani, kwa sababu tezi za maziwa za panya zimeenea kote huko. Watu wanatafuta kwenye chuchu tu, wanakosa uvimbe uliojificha begani. Ukihisi kitu cha duara kinachoteleza chini ya ngozi, kikiwa kama punje ya dengu, mpigie daktari siku hiyo. Usingoje kiwe kama yai. Upasuaji wa uvimbe mdogo ni mfupi na kwa kawaida jike anaamka. Tazama pia nyuma: akitoa usaha au damu, huenda kizazi kinaumwa, na hilo halina subira. Wapo madaktari wanaowatoa ovari majike wakiwa bado vijana, na jambo hilo hupunguza sana uvimbe wa matiti uzeeni. Kwa jike usiyekusudia kumzalisha kabisa, zungumza na daktari wako mapema.

Nimebakiwa na jambo moja, na nitalisema polepole.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Jike amekupa watoto 20, amekupa jina katika ufugaji, amekupa mabinti. Siku anashindwa kula, anahema kwa mbavu, manyoya yamesimama, amejikunja hajali tena mwenzake anapomlamba, utamfanya nini? Utamwacha afe mwenyewe usiku kwa sababu ni panya na panya hufa? Hapana, ndugu zangu. Mpeleke kwa daktari alazwe usingizi ule wa mwisho bila maumivu. Gharama hiyo iingie kwenye hesabu tangu siku ya kumpandisha, pamoja na tarehe ya kustaafu. Kama huwezi kuilipa hiyo, basi huwezi kuzalisha bado, na si aibu kusubiri mwaka mwingine.

Tulia alifika miezi 29. Wiki ya mwisho alikuwa analala kwenye kitambaa kifuani mwangu ninapoandika, na vijana aliowafundisha kula walikuwa wanamletea vipande vya matandazo na kumfunika. Nilimpeleka Jumanne asubuhi. Niliporudi na mwili wake niliuweka kizimbani kwa muda, wenzake wakamnusa mmoja mmoja, wakaondoka. Kisha nikafungua daftari niandike tarehe. Ukurasa wake wa uzazi una mistari sita. Wa kustaafu ulikuwa umejaa, nikalazimika kuandika pembeni.

Asanteni. Nipo kwa maswali.